Nchi Isiyompa Mgeni Jembe

Watu hunijia na kuniuliza mzee aliyestaafu aende kukaa nchi gani. Wanauliza kama kuna joto, kama samaki wanapatikana, kama hospitali iko karibu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza atakuwa akifanya nini baada ya kunywa chai ya asubuhi. Ndiyo sababu naandika habari za Kaakitako. Shule nimeisoma vipandevipande, darasa la pili huku, la nne kule, mengine katika ngumbaru pembeni mwa karakana ya reli, kwa hiyo msomaji asitafute mapambo. Nitaeleza nilichokiona.

Jinsi nilivyofika si habari. Jina langu ni Mihambo, mimi ni Mnyamwezi, na kutembea kwetu hakujawahi kuwa ajabu. Nimelala nchi nyingi na kuzichoka zote. Magoti yalipoanza kugoma, nikasikia iko nchi inayopokea wazee wa kila taifa, inawalisha, inawavika na kuwazika kwa heshima, bila kuwadai kitu. Nikasema hapo ndipo pangu pa kumalizia. Nikaenda.

Sheria ya kwanza ya Kaakitako imechongwa kwenye jiwe pale mlangoni mwa mji: MGENI NI MGENI MPAKA AZIKWE. Kwetu wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Niliusema msemo huo siku za mwanzo, nikidhani nachangamsha baraza. Watu wakainamisha nyuso kana kwamba nimevua nguo. Mama mmoja akawaziba wanawe masikio. Jioni akaja ofisa kunieleza, kwa upole mwingi, kwamba hayo ni maneno ya nchi ambazo bado hazijajua ukarimu, na kwamba kama roho yangu inapenda majembe, serikali itanitengenezea moja dogo la fedha, nilivae shingoni.

Kila nyumba ya wageni hupewa Mpokezi. Kazi ya Mpokezi ni kukupokea chochote unachotaka kushika kabla hujakishika. Ukitamani chai, kikombe kiko mdomoni. Ukiinama kufunga kamba za viatu, unakuta kisogo cha mtu kimekutangulia miguuni. Mpokezi wetu aliitwa Tindo, mtu mzima mwenye mke na watoto, ndevu zake zimeanza kuingia mvi. Alikuwa mwungwana kupita kiasi. Hakuwahi kusema "hapana" mbele yangu, na baadaye nilikuja kujua kwamba neno hilo kulitamka mbele ya mgeni ni kosa la kufungwa.

Nasema "wetu" kwa sababu sikuwa peke yangu. Nyumba ile niliikuta na mzee mwingine, Kondo, Mzaramo, dereva wa greda aliyestaafu. Mwanawe alikuwa amemleta Kaakitako, akaona anahudumiwa vizuri, akaenda zake kutafuta maisha kwingine. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, na anayetoka kwetu anajua maana yake: nina ruhusa ya kumtukana mbele ya wakwe zake, naye ana ruhusa ya kunivua kofia msibani, na hakuna wa kukasirika.

"Mnyamwezi!" akanipokea mlangoni. "Umepotea njia? Huku hakuna mzigo wa kubeba."

"Nimefuata mlio wa ngoma," nikamjibu. "Nikajua palipo na ngoma pana Mzaramo, na palipo na Mzaramo pana shamba limeuzwa ili ngoma ikeshe."

Tindo akamwaga chai kwa hofu. Kesho yake akaja ofisa kutuuliza kama tungependa kujengewa nyumba mbili zilizo mbali, tena moja iwe ng'ambo ya kilima. Tulicheka mpaka Kondo akashika mbavu. Ofisa akaandika kwamba wageni wana maumivu.

Wenyeji wa Kaakitako wanaogopa kitu kimoja tu, nacho ni mgeni kuchoshwa na kukaa. Kwao hiyo ni aibu ya taifa zima. Kwa hiyo ipo Wizara ya Vipumbazo, yenye maofisa wengi kuliko jeshi, na mkuu wake ni Mheshimiwa Staha, mtu mrefu, mwenye sauti laini, ambaye hajapata kukaa kabla ya mgeni kukaa.

Asubuhi kuna kipumbazo kinachoitwa Kutazama Kazi. Wageni tunapangwa kwenye viti vyenye mito kando ya shamba au mfereji, na wenyeji wanalima na kuzibua mbele yetu, na sisi tunapiga makofi. Kondo, aliyelima barabara kwa greda nusu ya maisha yake, alikuwa akiona mfereji unachimbwa kombo na kupiga kelele, "Inua upande wa kushoto, maji yatarudi nyuma hayo!" Wachimbaji wote husimama, humwinamia, na kusema, "Ahsante, mgeni wetu." Kisha huendelea kuchimba kombo vilevile.

Alasiri kuna Kusifiwa. Kila mgeni hupanda jukwaani kusimulia maisha yake, na hadhira ya kulipwa huitikia "Ajabu!" kila anapovuta pumzi. Mwanzoni inapendeza. Nilisimulia habari zangu za kuchemsha maharage ya wajenzi wa reli, wakasema ajabu, nikajiona mtu. Kondo ndiye aliyewapima.

"Nilizaliwa karibu na mto," akasema.

"Ajabu!"

"Nikamwoa mamba."

"Ajabu!"

"Mimi hapa ni kiatu."

"Ajabu!"

Akashuka jukwaani, akanipita bila kuniangalia.

Jioni ni bao. Bao la Kaakitako ni lilelile letu, mashimo yaleyale na kete zilezile, isipokuwa sheria ya nchi inasema mgeni hashindwi. Wapokezi wote hufundishwa chuoni namna ya kushindwa. Si kazi nyepesi, tusidharau. Kumwachia mchezaji mbovu ashinde bila kugundua kunataka akili, na wale walikuwa mabingwa. Nilimshinda Tindo kila jioni nikaanza kuamini kwamba uzee umenipa busara, mpaka siku moja nilipocheza huku nimefumba macho, kwa makusudi, nikishika shimo lolote. Nikashinda.

Msomaji atauliza wazee wa kule walikuwa wakiishije. Walikuwa wakipiga miayo. Basi serikali ikaweka Wakaguzi wa Miayo, wanaotembea vibarazani na kuandika majina. Wageni wakajifunza kupiga miayo kwa mdomo uliofungwa, mpaka machozi yanatoka. Wakaguzi wakaanza kukagua machozi. Basi kukawa na mji mzima wa watu waliokaza taya na kukodoa macho, na wapita njia wakisema, tazameni wageni wetu walivyochangamka.

Anayekamatwa na miayo anaongezewa vipumbazo: ngoma mbili badala ya moja, Kusifiwa asubuhi na alasiri. Asiyepona kwa hivyo hupelekwa kwenye Nyumba ya Mito. Huko ndiko ukarimu wa Kaakitako unakofika kileleni. Mgeni analazwa juu ya mito, chini ya mito, kati ya mito. Analishwa kwa kijiko, anageuzwa ubavu kwa zamu, na kuna mtu wa kuwaza kwa niaba yake. Niliingia humo kwa ziara. Nikamsalimu mama mmoja mtu mzima, "Shikamoo, mama," kwa heshima tu, maana umri wetu ulikuwa mmoja. Mhudumu wake ndiye aliyeitikia. Nikauliza kama kuna aliyewahi kutoka. Wakaniambia kwa fahari kwamba hakuna aliyewahi kuomba.

Sasa Kondo. Mwanzo alilalamika, na mzee anayelalamika yuko hai. Kisha akaacha kwenda mferejini. Kisha akaacha kuvaa kofia yake, akisema hakuna haja, kichwa hakiendi popote. Asubuhi moja nilimtania kama kawaida, nikamwambia Wazaramo wamefilisika mpaka matusi yamewaishia.

Akasema, "Labda."

Nakwambia, nilishtuka kuliko kama ningesikia anahara damu. Mtani akikujibu labda, anza kuulizia sanda.

Alasiri ya siku ileile, katikati ya Kusifiwa, wakati Mheshimiwa Staha mwenyewe yuko mstari wa mbele, Kondo akapiga mwayo. Si wa kuficha. Aliufungua mdomo wote, akautoa kwa sauti, mrefu kama honi ya gari la moshi, akamaliza kwa kulamba midomo. Wakaguzi hawakuhitaji hata kuandika. Ikatangazwa palepale kwamba mgeni wetu mpendwa Kondo atahamishiwa Nyumba ya Mito, kesho, baada ya kikao cha Baraza la nchi kuthibitisha.

Nilimwambia, "Ukiingia mle hutoki, Kondo."

"Najua."

"Na unakwenda?"

"Mihambo, huku nje kuna nini?" Hakuniita Mnyamwezi. Aliniita kwa jina langu, kwa adabu, kama wao. Hapo nikakata shauri kwamba hata kama nitafungwa, huyu mtu haendi kwenye mito.

Kesho yake nikasimama mbele ya Baraza. Sikuwa nimeandaa hotuba. Nilisema, "Waheshimiwa, mpeni huyu jembe."

Mheshimiwa Staha akapepesuka, akashika meza.

"Mgeni wetu mpendwa," akasema, "hatujamkosea kiasi hicho."

"Basi mpeni koleo. Fagio. Mpeni mbuzi wa kuchunga. Mpeni mtu wa kugombana naye asubuhi. Mtu huyu haumwi. Amechoka kukaa."

"Ndiyo sababu tunamlaza."

Mjumbe mmoja akanyoosha mkono. Aliitwa Bi Nasaba, mama wa makamo mwenye macho makali, na katika nchi ile ya sauti laini yeye alikuwa na yake ya kawaida. Nilimpenda kwa hilo, ingawa maneno yake yalikuwa dhidi yangu.

"Tuseme ukweli, tuko wenyewe," akasema. "Sheria hii watoto tunawafundisha kwamba ilitungwa kwa sababu zamani mgeni mmoja alipewa jembe akafia shambani, tukaona aibu. Si kweli. Hakufa. Alilima vizuri. Akaoa, akapanda migomba, akaanza kusema 'shamba letu,' 'mto wetu.' Mwisho akauliza kwa nini hakai kwenye kiti hiki nilichokalia mimi. Mgeni akishika jembe leo, kesho anashika kiti."

"Bi Nasaba!" Staha akasihi. "Wageni wanasikia."

"Wasikie. Tunawapa kila kitu ili wasitake kitu kimoja."

Pakawa na mjadala mrefu kama hilo lilikuwa siri ya taifa au la, na kama ni siri, aliyeisikia bado ni mgeni au la. Nikaona wanapotea, nikawakatiza.

"Sawa. Jembe liacheni. Kiti sikitaki, nyama za makalio yangu hazitoshi. Naomba kitu kidogo. Mtu mmoja wa nchi hii acheze bao na Kondo, acheze kweli, kwa nia ya kumshinda."

Hilo liliwatisha zaidi kuliko jembe. Mjumbe mmoja alitoka nje kuvuta hewa. Walibishana: mgeni aliyeshindwa na mwenyeji ni nini? Staha akasema hawezi kuwa mgeni, maana sheria inasema mgeni hashindwi. Bi Nasaba akasema basi atakuwa mtu tu, kama yeye na Staha na yule anayezibua mfereji, atakula jasho lake na kusukumwa sokoni kama wengine, na tuone kama atalipenda hilo. Wakaafikiana hivi: Kondo akishindwa, ugeni wake umekwisha, hakuna Mpokezi wala mito. Akishinda, imethibitika kwamba hakukosa kitu Kaakitako, na anakwenda kulala. Na mchezo uwe wa kweli pande zote mbili. Kete ikiachwa kwa makusudi, hukumu ni mito.

Niliona Staha anatabasamu, nikaelewa kwa nini amekubali. Hakuna mtu katika nchi ile aliyejua tena kumshinda mgeni.

Wakamwita Tindo. Akaja akijipangusa viganja kwenye kanzu.

"Babu Mihambo," akaninong'oneza, "mkono wangu haujui. Tangu chuoni nimefundishwa kupoteza. Nikiona njia ya kushinda, vidole vinakimbia vyenyewe upande mwingine."

"Vizuie."

"Na yeye ni mgeni wangu. Nimemfunga kamba za viatu."

"Ukimpenda mpige, Tindo. Mpige vizuri."

Ubao ukaletwa katikati ya ukumbi. Kondo akakaa upande mmoja kama mtu aliyeletewa dawa. "Nitashindwa, basi," akaniambia. "Kuna taabu gani? Nimeshindwa na mengi."

Mwanzo ulikuwa mbaya kwa wote wawili. Tindo alikula kete za Kondo akaomba radhi. Alikula tena akaomba radhi tena, na mara ya tatu akasahau kuomba. Kisha akaona kitu ubaoni, akajiinamia, midomo ikasogea bila sauti, mkono ukazunguka shimo kwa shimo, ukazunguka tena, na alipomaliza, nyumba ya Kondo, lile shimo kubwa alilokuwa amelijaza kete kwa ubahili tangu mwanzo, lilikuwa tupu.

Ukumbi ukavuta pumzi. Tindo akautazama mkono wake kana kwamba umerudi kutoka safari.

Na Kondo akakaa wima.

"Wewe," akasema. "Kumbe unajua."

"Najua, babu."

"Na miaka yote hii ulikuwa unanifanya mtoto."

"Ndivyo sheria, babu."

"Sheria!" Akakunja mikono ya shati. "Ngoja."

Sijapata kuona kitu kama kilichofuata. Kondo alikuwa amebakiwa na kete za kuhesabu, na alizicheza kama mtu anayetoa greda kwenye tope: nyuma kidogo, mbele kidogo, kulia, tena nyuma. Alianza kuimba chini ya pumzi. Alimtukana Tindo, akatukana ubao, akanitukana mimi ambaye sikuwa nimefanya kitu. Damu ilimrudi masikioni. Tindo naye akavua kanzu ya Upokezi, akabaki na fulana, jasho likimtiririka. Na mimi nilikuwa nashangilia, mpaka nikakumbuka masharti. Kondo alikuwa anaanza kushinda.

Nikamsogelea sikioni. "Kondo. Kondo! Ukishinda umekwisha. Ni mito."

"Nyamaza, Mnyamwezi," akasema. "Naona njia."

Ningefanya nini? Mchezo ukiachwa kwa makusudi ni mito. Yeye akishinda ni mito. Na yule mtu, aliyekuwa amekwisha kusema labda, alikuwa na uso wa kijana aliyekubaliwa posa. Nikafunga mdomo wangu.

Akachota. Akagawa kete, moja, moja, moja, akapinda kona, akala, akachota tena, akapinda kona ya pili kwa kasi mpaka vidole havionekani, akala, akala. Alipolaza mkono, mstari wa mbele wa Tindo haukuwa na hata punje, na mchezo ukawa umekwisha.

"Haya!" Kondo akapiga goti lake. "Haya, mtoto wa chuoni! Nenda kawaambie walimu wako!"

Hakuna aliyepiga makofi. Mheshimiwa Staha akasimama, akainama kwa heshima kubwa, akasema kwamba taifa linampongeza mgeni wake kwa ushindi, na akaashiria mlangoni. Wakaingia wabebaji, wanaume wanne wenye machela nyeupe iliyorundikwa mito. Kondo akaiona. Kicheko kikamwishia usoni polepole, akashusha mikono ya shati, akaanza kufunga kifungo. Nikasimama mbele ya machela. Sikuwa na hoja. Nilikuwa na mwili wangu tu, mwembamba kama nilivyo, nikasema watanibeba mimi kwanza.

"Hamumbebi mtu."

Si mimi niliyesema. Ni Tindo. Alikuwa hajainuka ubaoni. Alikuwa ameinamia kona ya pili, kidole kikiwa juu ya shimo.

"Hapa," akasema. "Hapa ameangusha kete mbili shimo moja. Angeangusha moja moja, mkono wake ungelala pale, kwenye shimo tupu, asingekula. Ingekuwa zamu yangu, na ningemmaliza."

"Tindo," Staha akasema kwa sauti iliyopasuka, "unamwambia mgeni kwamba ameiba?"

"Sisemi na mgeni. Nasema na huyu mzee." Akamgeukia Kondo, macho mekundu. "We mzee, umeiba!"

Nimesikia matusi katika nchi nyingi. Hilo lilikuwa tamu kuliko yote. Kondo akaacha kifungo.

"Nimeiba? Mimi? Mwizi ni baba yako aliyekupa macho ya kuku! Uliniona?"

"Nimekuona!"

"Ulikuwa unafuta jasho!"

"Kwa jicho moja! Rudi hapa. Huendi kulala popote, mzee mwizi. Tunarudia kutoka ile kona."

"Kurudia ni kukubali kwamba nimeiba. Sirudii. Leta mchezo mpya nikunyoe tena."

"Hapana!" akasema Tindo. "Ile kona kwanza!"

Alilisema, neno lile la kufungwa, mbele ya Baraza zima, na hakuna askari aliyesogea, kwa sababu askari walikuwa wamesimama kwa vidole vya miguu wakijaribu kuona ubao. Wabebaji waliweka machela chini, wakakaa juu ya mito, na mmoja akasema kwa sauti kwamba yeye pia aliona mbili. Mwenzake akamwambia hajaona kitu, macho yake ni ya mapambo. Bi Nasaba alikuwa amekwisha kushuka kitini.

Staha akanigeukia mimi. Maskini, alikuwa amelowa jasho. "Mgeni wetu Mihambo, ulikuwa umekaa karibu kuliko wote. Tuambie. Zilikuwa mbili, au ilikuwa moja?"

Kondo na Tindo wakanitazama, kila mmoja kwa vitisho.

Msomaji, niliona. Nilikuwa karibu, na macho yangu bado yananitumikia. Nikisema moja, Kondo ni mshindi, na machela ile pale. Nikisema mbili, wameandika kwamba ni mwizi, mchezo umekwisha, na atarudi nyumbani na jina hilo bila mtu wa kumbishia. Jibu lolote lingezima moto ule. Nami nilikuwa nimekuja pale kuuwasha.

"Mheshimiwa," nikasema, "mimi ni mtani wake. Kwetu ushahidi wa mtani haupokelewi hata na mbuzi. Amueni wenyewe."

"Hatuwezi kuamua!" mjumbe mmoja akalia. "Hakuna sheria ya mgeni kugombana na mwenyeji!"

"Basi hakuna mgeni hapa," akasema Bi Nasaba bila kuinua uso kutoka ubaoni. "Kuna wagomvi wawili. Na mgomvi mwenye kesi halazwi mpaka kesi iishe. Wapangeni kete kama zilivyokuwa. Nyie na machela, rudisheni mito yenu, mnaziba njia."

"Itaisha lini, kesi hii?" Staha akauliza.

"Leo haiishi," akasema Tindo. "Na kesho asubuhi nina zamu mferejini."

"Nitakufuata hukohuko mferejini," akasema Kondo. "Nyie wenyewe mnachimba kombo. Nimewaambia mpaka koo limekauka, mnaniinamia tu."

"Unaijua mifereji, wewe mwizi wa kete?"

"Kuliko baba yako!"

"Njoo tuone. Na uje na koleo, sitakuja kukushikia."

Wakaanza kupanga kete upya, wakibishana kila shimo lilikuwa na ngapi. Wajumbe waliacha viti vyao, wakazunguka ubao, kila mmoja na kumbukumbu yake. Mimi niliwaambia wote wamekosea, nikamwambia Kondo kwamba Mzaramo asiyeweza hata kuiba vizuri ni hasara kwa kabila zima, akanijibu jambo ambalo siwezi kuliandika hapa, kuhusu mama yangu na mzigo wa chumvi. Nikashukuru Mungu.

Mheshimiwa Staha alibaki peke yake juu ya jukwaa. Akatazama huku na huku, kama mtu aliyeachwa kituoni. Kisha akashuka ngazi moja, akasimama, akashuka nyingine. Akajipenyeza kati ya Bi Nasaba na askari, akarefusha shingo yake ndefu, lakini kichwa cha Kondo kilikuwa kimeifunika kona yenyewe.

"Sogea, mzee," akasema Staha. "Unaniziba."

Kondo akasogea, akinung'unika, na hakuna aliyemwomba radhi.